Ubia wa serikali na kampuni binafsi kufufua miji: kabla ya kuangalia jengo, angalia ardhi iko kwa nani

Mpima Viwanja (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu.

Kila ukiibuka mjadala wa ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi humu ndani, tunagawanyika kabla ukurasa wa kwanza haujaisha. Kuna wanaosema serikali haina hela na haijui biashara, wapewe wenye nazo. Kuna wanaosema huo ni wizi uliovaa tai. Mimi kazi yangu ni kupima na kuthamini ardhi, na kwa miaka kadhaa nilikaa upande wa umma kwenye majadiliano ya mikataba ya aina hii. Kwa nilichokiona, pande zote mbili zinagombania ganda la ndizi.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayowapoteza watu. Kampuni haitoi hela, inatanguliza hela. Barabara, kituo cha treni au bustani hulipiwa na watu wawili tu: anayeitumia, kwa ada au pango, na mlipa kodi. Wa tatu hayupo. Mwekezaji anasimama katikati, anatanguliza, anasubiri, anarudishiwa na chake juu. Na kwa kuwa serikali kwa kawaida hukopa kwa riba ndogo kuliko kampuni, hela ya mwekezaji ni ghali zaidi. Kwa hiyo mkisikia mji umeingia ubia "kwa sababu hauna fedha", shtukeni. Sababu nzuri zipo, ila hiyo si mojawapo.

Mbia mzuri analeta mambo mawili ambayo ofisi ya umma mara nyingi haina: kulijua soko (nani atapanga hapa, kwa kiasi gani, lini) na uchungu wa kuchelewa, maana kila mwezi unaopita riba inamtafuna yeye. Upande wa pili, mji unaleta vitu ambavyo hakuna mwingine anavyo. Unaleta ardhi, iwe bandari iliyokufa, yadi ya reli au kiwanda kilichofungwa. Unaleta kalamu ya kubadili matumizi ya ardhi hiyo. Na ndio wenye uwezo wa kupitisha reli au barabara. Yadi yenye kutu juu na sumu chini leo haina mnunuzi. Weka kituo cha treni pembeni yake na kibali cha ghorofa kumi, bei inapaa kabla tofali moja halijawekwa. Thamani hiyo kaizalisha nani? Umma. Anaondoka nayo nani? Jibu halimo kwenye picha nzuri za majengo zinazooneshwa siku ya uzinduzi. Limo kwenye kifungu kinachosema ardhi inahama lini, na kwa masharti gani.

Chukueni mji mmoja, London, mara mbili.

Mara ya kwanza ni bandari za mashariki. Makontena yalipokuja, meli zikawa kubwa, zikakimbilia kwenye kina kirefu karibu na mdomo wa mto, na gati moja baada ya nyingine zikafungwa mpaka 1981. Mwaka huo serikali kuu ikaunda shirika maalumu, LDDC, likapewa ardhi na likachukua mamlaka ya mipango miji kutoka kwa halmashauri za pale. Sehemu ya Isle of Dogs ikapewa misamaha ya kodi kwa miaka 10 kuanzia 1982. Usafiri? Ikajengwa reli nyepesi, ikafunguliwa 1987 kwa pauni milioni 77, vitreni vya behewa moja moja. Mwaka huohuo kampuni ya Kanada, Olympia & York, ikauchukua mradi wa Canary Wharf na kuahidi pauni milioni 400 kuchangia reli kubwa ya chini ya ardhi, Jubilee. Mnara wa mita 235 ulikamilika 1991. Mei 1992 mradi ukawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Reli yenyewe ilifunguliwa 1999 na ilikula takriban pauni bilioni 3.5, mzigo mkubwa ukiwa wa umma. Eneo lilifufuka, sikatai, leo ni jiji ndani ya jiji. Lakini ardhi ilitangulia, reli ikafuata miaka kumi na ushee baadaye, na mtu aliyeahidi kuchangia reli hakuwepo tena kwa sura ileile aliyoahidi nayo.

Mara ya pili ni King's Cross, hekta 27 za maghala na reli nyuma ya stesheni. Hapa wenye ardhi, mmojawao kampuni ya reli ya LCR ambayo baadaye iliishia mikononi mwa serikali, hawakuuza. Waliiingiza ardhi kwenye ubia kama hisa. Mwendelezaji (kampuni inayojenga na kupangisha), Argent, akachukua nusu kwa ujuzi wake na kwa kusimamia mradi. Majadiliano na halmashauri ya Camden yalichukua miaka, kibali kikatoka 2006. Kazi ikaanza na barabara, mabomba na uwanja wa mbele ya ghala la nafaka la mwaka 1852. Mpangaji mkubwa wa kwanza hakuwa benki, kilikuwa chuo cha sanaa, kilichoingia 2011. Wanafunzi maelfu wakaanza kupita pale kila siku, ndipo wenye ofisi wakaanza kugonga mlango. Mwaka 2016 serikali ikauza hisa zake, asilimia 36.5, kwa pauni milioni 371. Yaani umma ulisubiri thamani ipande, ndipo ukauza.

Karibuni kwa nondo, na matusi tuyaache nje.

---

Bakora

Mkuu, umeandika vizuri ila umechagua mifano inayokupendeza. Nikuletee na yangu. Chicago, Desemba 2008. Mji una shimo kwenye bajeti. Unakodisha mashine 36,000 za kulipia maegesho ya barabarani (mita) kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, unapokea takriban dola bilioni 1.15 mkupuo mmoja. Madiwani waliletewa mkataba na kuupigia kura ndani ya siku chache, 40 kwa 5. Mwaka uliofuata mkaguzi wa ndani wa jiji akatoa ripoti: jiji limepokea pungufu kwa karibu dola milioni 974 ukilinganisha na thamani ya kile lilichokitoa. Ada zikapanda mara moja.

Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kura atakuwa mzee wa miaka 75 mkataba ukiisha. Madiwani wote watakuwa wameshazikwa. Huo nao ni ubia?

---

Mpima Viwanja

Bakora, huo si ubia, ni kuuza mshahara wa wajukuu ili kulipa deni la mwezi huu. Ubia wa kufufua eneo unazalisha thamani ambayo haikuwepo. Mita za Chicago zilikuwepo, barabara zilikuwepo, na wenye magari walikuwepo. Hakuna kilichofufuliwa. Nakubaliana nawe kabisa, ila tusiviweke kwenye kapu moja, maana ndivyo wanavyofanya wenye kuuza mambo haya: wanaonesha picha ya King's Cross halafu wanakusainisha mkataba wa mita.

---

Mama Hesabu

Naomba niingie hapo kwenye hesabu, maana ndipo panapochezewa mchezo na wengi hawauoni.

Kabla mji haujasaini, kuna karatasi inayolinganisha njia mbili: umma ujenge wenyewe kwa kukopa, au kampuni ijenge na umma ulipe kidogo kidogo kwa miaka 25 au 30. Ili kulinganisha malipo ya leo na ya miaka mingi mbele, malipo ya mbele hupunguzwa kwa asilimia fulani kila mwaka. Asilimia hiyo nani kaichagua? Angalieni: malipo ya 100 yatakayolipwa mwaka wa 25, ukiyapunguza kwa asilimia 3 yanaonekana kama 48 leo. Ukitumia asilimia 6, yanaonekana kama 23. Malipo ni yaleyale, na mji utayatoa yote. Kwa namba moja tu iliyobadilishwa kwenye kona ya jedwali, mzigo "umepungua" zaidi ya nusu.

Halafu linakuja fungu la "vihatarishi vilivyohamishwa". Mshauri anasema umma ukijenga wenyewe utachelewa na kuzidisha gharama kwa kiasi fulani, basi anaongeza kiasi hicho upande wa umma. Uingereza ilikwenda hivi tangu 1992 kwa mfumo wao wa PFI, yaani kampuni kujenga na umma kulipa kidogo kidogo: zaidi ya miradi 700, yenye thamani ya ujenzi karibu pauni bilioni 60, na kufikia mwaka wa fedha 2016/17 malipo ya mwaka mmoja peke yake yalizidi pauni bilioni 10. Sehemu kubwa ya madeni hayo haikuonekana kwenye hesabu za deni la taifa, na watu wa hesabu wote tunajua hiyo ndiyo ilikuwa sukari yenyewe. Januari 2018 kampuni ya ujenzi ya Carillion ikaanguka, hospitali mbili kubwa zikabaki magofu ya zege katikati ya ujenzi. Oktoba ya mwaka huo waziri wa fedha akatangaza kwamba mikataba mipya ya mfumo ule basi.

Kihatarishi kilichohamishwa kwa mtu anayeweza kufilisika hakijahama, mkuu. Kimeazimwa.

---

Jirani wa Chini

Mnaongea ardhi kama vile haina watu juu yake. Mimi naomba kuuliza wale waliokuwa wanaishi pale wako wapi?

Mji wa New London, jimbo la Connecticut. Kampuni ya dawa ya Pfizer inafungua kituo cha utafiti 2001. Mji, kupitia shirika lake la maendeleo, unataka kuvunja nyumba za jirani, mtaa wa Fort Trumbull, ili ijengwe hoteli, ofisi na nyumba za hadhi. Wenye nyumba wachache wakagoma, kesi ya Kelo ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 2005 mji ukashinda, majaji 5 kwa 4: kuongeza ajira na mapato ya kodi ni "matumizi ya umma" ya kutosha kumwondoa mtu kwake, hata kama ardhi inakwenda kwa mwendelezaji binafsi. Nyumba zikaondolewa. Mwendelezaji akakosa fedha. Mwaka 2009 Pfizer nao wakatangaza kuondoka. Kiwanja kikakaa majani kwa miaka.

Na hizo bandari za London ulizozisifia, Mpima, wapagazi wa gati waliopoteza kazi hawakuajiriwa kwenye mabenki ya mnara wa mita 235. Eneo linaweza kufufuka huku watu wake wamekufa kiuchumi.

---

Mpima Viwanja

Jirani, hapo umenigusa na sina la kujitetea. Naongeza tu kwamba New London ndiyo mfano mkali zaidi wa ninachokisema: ardhi ilisafishwa kwanza, mwenye fedha akatafutwa baadaye. Mji ulilipa gharama yote, na ya kisiasa na ya kibinadamu, kabla mbia hajaweka hata senti yake rehani. Baada ya ile hukumu majimbo zaidi ya 40 yalibadili sheria zao za utwaaji ardhi, kwa viwango tofauti vya ukali.

Sasa tazama wenzao wa Hamburg. Bandari ya kale karibu na katikati ya jiji, hekta 157, mpango mkuu ulipitishwa 2000, HafenCity. Karibu ardhi yote ilikuwa ya jiji, na kampuni inayosimamia ni ya jiji asilimia mia. Mwendelezaji akishinda kiwanja hauziwi. Anapewa muda wa kukishikilia peke yake, zaidi ya mwaka hivi. Katika muda huo lazima aendeshe shindano la wasanifu, apime udongo, achore, apate kibali cha ujenzi, aoneshe fedha ziko wapi. Gharama zote ni zake, na jiji linakaa naye mezani hatua kwa hatua. Akifika mwisho ndipo analipa na kupewa ardhi. Akishindwa, jiji linachukua kiwanja chake na kumtafuta mwingine, bila kesi. Na mauzo ya viwanja ndiyo yanayolipia barabara, madaraja na kuta za gati.

Ukiona mkataba unaompa mtu ardhi siku ya kusaini na "ratiba ya ujenzi" kama kiambatisho, jua ratiba hiyo ni shairi.

---

Bakora

Hamburg hiyohiyo yenye ule ukumbi wa muziki? Au hiyo sura umeiruka makusudi? 😀

---

Mpima Viwanja

Hahaha, nilijua utafika. Haya. Elbphilharmonie, imekaa juu ya ghala la zamani hapohapo HafenCity, na ilikuwa ubia. Makadirio ya mwanzo ya mchango wa umma yalikuwa euro milioni 77. Hesabu ya mwisho: milioni 789. Ilifunguliwa Januari 2017, miaka saba hivi baada ya tarehe ya awali, na katikati hapo ujenzi ulisimama kwa zaidi ya mwaka huku jiji na mkandarasi wakivutana.

Kosa lilikuwa rahisi kulieleza: mkataba ulisainiwa michoro ikiwa haijaiva. Kila mchoro uliobadilika ukawa dai jipya la fedha. Tena msanifu alikuwa na mkataba na jiji, mkandarasi naye na jiji, lakini wao wawili hawakufungwa pamoja. Kwa hiyo kila mgogoro kati yao bili ilitua kwa jiji. Jiji lilelile, miaka ileile: kwenye viwanja lilisubiri likafaidi, kwenye ukumbi likawa na haraka likalia. Ndiyo maana sikubali maneno ya "Wajerumani wako makini" au "fulani hawawezi". Ni mpangilio wa nani anashika nini na lini.

---

Kalamu Nyekundu

Mimi ni wa upande wa sheria. Naomba watu wajue kifungu kimoja kinachoitwa cha kutoshindana. Mwekezaji anasema, nimejenga barabara ya kulipia, basi usinijengee ya bure pembeni. Kwa haraka linaonekana ombi la haki.

California, barabara namba 91. Njia za kulipia katikati ya barabara kuu, zilifunguliwa 1995, kampuni binafsi. Foleni kwenye njia za kawaida ikazidi, serikali ikitaka kupanua, mkataba unakataa. Fikirieni jambo hilo: watu wanakaa kwenye foleni ambayo serikali yao imesaini kutoipunguza. Mwaka 2003 mamlaka ya usafiri ya kaunti ikalazimika kuununua mradi wenyewe, dola milioni 207.5, ndipo mikono ikafunguka.

Na Chicago kuna ladha yake pia. Jiji likifunga mtaa kwa tamasha au matengenezo, mita zikakosa kukusanya kupita kiwango cha mkataba, jiji linailipa kampuni. Kwa hiyo ukitaka njia ya baiskeli au upana wa kituo cha basi, kwanza unapiga hesabu ya fidia. Hapo mji haujauza mapato tu. Umeuza na uamuzi wa namna ya kuutumia mtaa wake.

---

Msomaji Kimya

Nasoma tu huku nimekaa kwenye ngazi. Endeleeni.

---

Shoka la Mpini

Wote mmekomalia miradi mikubwa. Kuna ubia mdogo mdogo ambao umefanya mengi bila kelele. Toronto, 1970, mtaa wa Bloor West Village. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa imeongezwa, watu waliokuwa wanapita juu wakipanda tramu wakawa wanapita chini, na maduka makubwa ya nje ya mji yakamaliza kuwavuta waliobaki. Wenye maduka ya mtaa wakaiomba mamlaka iwatoze wote tozo ya ziada kwa lazima, ili asiwepo wa kula jasho la mwenzake, halafu fedha ile irudi kwao waisimamie kwa bodi yao: taa, mabenchi, maua, matangazo. Mji unakusanya, wenyewe wanapanga. Mfumo huo umeenea nchi nyingi.

New York walifanya kitu cha jamaa hiyo kwenye bustani ya Bryant, ambayo ilikuwa imegeuka kijiwe cha wauza dawa za kulevya. Chombo kisicho cha faida kikakabidhiwa uendeshaji, tozo za majengo ya jirani zikaingia, bustani ikafungwa 1988 na kufunguliwa 1992. Uzio na vichaka vilivyokuwa vinaficha watu vikapunguzwa. Wakaweka viti vyepesi visivyofungwa chini, unavuta chako unakaa unapotaka, juani au kivulini. Watu waliapa kwamba vitaibwa vyote wiki ya kwanza. Havikuibwa kiasi hicho. Ardhi ilibaki ya jiji muda wote, Mpima, kwa hiyo nadhani nakuunga mkono bila kupenda.

---

Bakora

Na anayelipa ndiye anayechagua wimbo. Mkiwaachia wenye maduka mtaa, wataufagia na kuupamba, kweli. Halafu watamfagia na yule asiyenunua kitu.

King's Cross mnayoisifu, mwaka 2019 iligundulika kamera zake zilikuwa zinatumia teknolojia ya kutambua sura za wapita njia. Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Ukitembea pale unaona uwanja, chemchemi, ngazi za kukaa, unadhani uko barabarani. Kumbe uko uani kwa mtu.

---

Mpima Viwanja

Bakora leo unanitoa jasho. Hilo la kamera ni kweli, na linaonesha kitu nilichokisahau kwenye bandiko la kwanza: hisa ya umma kwenye ubia inalinda fedha ya umma, hailindi njia ya umma. Njia na viwanja vya wazi lazima viandikwe peke yake, kwamba ni barabara ya umma kisheria, inayosimamiwa na kanuni zilezile za barabara nyingine. Mwendelezaji hapendi, kwa sababu anataka kupanga nani auze nini pale. Huko ndiko kwa kung'ang'ania kuliko kung'ang'ania rangi ya vigae.

---

Mama Hesabu

Na kuna njia ya fedha ambayo hamjaigusa, inapendwa sana Marekani. Mji unachora mstari kuzunguka eneo chakavu, unaifunga kodi ya majengo ya eneo lile kwenye kiwango cha leo. Nyongeza yote itakayokuja thamani ikipanda haiendi kwenye mfuko mkuu, inalipia mkopo wa barabara na mabomba ya eneo hilohilo. California ndio walioanza, 1952.

Kwenye karatasi ni safi: eneo linajilipia lenyewe. Shida ni neno "nyongeza". Bei zingepanda kiasi gani hata bila mradi? Hakuna ajuaye, kwa hiyo yote inahesabiwa ni ya mradi. Shule zilizokuwa zinategemea kodi hiyo zinakosa, jimbo linaziba pengo. California ilifika mahali jimbo likachoka kuziba, mwaka 2012 mashirika ya uendelezaji ya miji yote, mamia kwa mamia, yakavunjwa kwa sheria. Waanzilishi wenyewe!

---

Shoka la Mpini

Swali kwa Mpima. Mji ukifanya yote sawasawa, ukashika ardhi, ukasubiri, je, unabaki umefufuka? Maana nimesoma habari za Baltimore.

---

Mpima Viwanja

Baltimore ni mwalimu mzuri, asante. Bandari ya ndani, maghala yaliyooza. Mji ulinunua, ukasafisha, ukajenga njia ya miguu kando ya maji, na kazi ilianza miaka ya 1960, miaka mingi kabla mtalii wa kwanza hajaja. Wananchi wakapiga kura 1978 kuruhusu mabanda mawili ya maduka ya kampuni ya Rouse, Harborplace, yakafunguliwa Julai 1980. Akwariamu ya taifa ikafuata 1981. Miji mingi duniani ilituma wajumbe kwenda kunakili.

Mwaka 2019 mabanda yaleyale yalikabidhiwa kwa msimamizi wa mahakama, mwenye mali akiwa ameshindwa mkopo. Maduka mengi yalikuwa matupu. Novemba 2024 wakapiga kura tena, safari hii kuruhusu mwendelezaji mpya abomoe na kujenga upya, pamoja na majengo marefu ya makazi.

Kwa hiyo jibu langu: hapana, haubaki. Banda lina umri wa miaka arobaini. Lakini ardhi ya pale, pamoja na njia ya miguu kando ya maji, bado ni ya mji, na ndiyo iliyowapa wananchi haki ya kupiga kura mara ya pili. Kama 1978 wangeuza moja kwa moja, 2024 wasingeulizwa.

---

Kalamu Nyekundu

Mpima, tuseme diwani wa mahali fulani yuko humu anasoma kimya kimya, kesho anapewa mkataba wa kurasa 600 na ana usiku mmoja. Aanzie wapi?

---

Mpima Viwanja

Aanzie nyuma. Mbele kuna maono, malengo, ushirikishwaji, maneno ya kila mtu. Nyuma kuna viambatisho, na humo kuna kimoja kinachoeleza mkataba ukivunjika nani anamlipa nani. Mara nyingi hata mbia akivunja kwa kosa lake mwenyewe, wakopeshaji wake wanalipwa sehemu kubwa ya deni na umma. Kikisomeka hivyo, basi jedwali la vihatarishi lote la mbele ni pambo.

Niwape moja niliyoiona kwa macho, mahali sipataji. Upande wao walikuwa watu tisa, wakiwemo wanasheria watatu, mtu wa benki, na kijana mmoja mwenye kompyuta aliyekuwa na jedwali la fedha la mradi mzima. Upande wetu tulikuwa wanne, mmoja wetu akiandika muhtasari wa kikao. Kila tukiuliza swali, yule kijana anabadili namba moja, anageuza kioo kuelekea kwetu, gawio la mji linaonekana limepanda. Siku ya pili nikamwomba nikae upande wake wa meza. Namba aliyokuwa anaibadili ilikuwa kasi ya wapangaji kujaza jengo. Gawio letu lilipanda kila wapangaji wake wa kufikirika walipowahi kuhamia.

Kiambatisho cha kuvunja mkataba, kurasa 41, tulikipata Ijumaa jioni. Kusaini kulipangwa Jumatatu asubuhi, mahema yameshafungwa.

---

Bakora

Mkasaini.

---

Mpima Viwanja

Alhamisi. Bosi wangu alisema anaumwa, na kweli alionekana mgonjwa. Siku tatu zile zilitosha kupata kitu kimoja: faida ikizidi kiwango fulani, nusu ya ziada inakuja kwa mji. Kurasa nyingine 40 zilibaki kama walivyozileta.